Msomaji wa Kwanza: Nani Humlea Mwandishi wa Kiswahili?

Kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, mwandishi Shaaban Robert alikuwa akimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua hizo zilihifadhiwa, na baadaye Profesa Mugyabuso Mulokozi akazihariri zikatoka kitabu chini ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyeziandika alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alianza kazi katika idara ya forodha mwaka 1926, akahamia idara ya wanyamapori mwaka 1944, kisha ofisi ya wilaya mjini Tanga, na mwisho idara ya upimaji ardhi. Hakusoma chuo kikuu, na hakuna mwajiri aliyempa likizo yenye mshahara ili akamalizie kitabu chake Kusadikika. Alikuwa na bidii ya kujisomea, kazi ya ofisini iliyomweka karibu na kalamu kila siku, na ndugu aliyepokea barua zake kwa miaka 27.

Mhadhara huu unaanzia kwenye barua hizo kwa sababu mazungumzo ya siku hizi kuhusu malezi ya mwandishi huanzia kwenye chumba. Kijana anayetaka kuandika riwaya huambiwa atafute utulivu, azime simu, aombe nafasi kwenye kambi ya waandishi, ikiwezekana kando ya bahari. Ushauri huo una ukweli wake na hapa utapewa haki yake. Lakini ukiyapitia maisha ya waandishi wa Kiswahili waliokomaa, unakuta mara nyingi kwamba pembeni yao palikuwa na mtu aliyeiona kazi ikiwa bado mbichi: ndugu, bibi, mhariri wa gazeti, mshairi wa mtaa wa pili. Leo mtu huyo ni adimu kuliko chumba.

Tukianza na hicho chumba, mfano wake mashuhuri uko Marekani. Mwaka 1907 mtunzi wa muziki Edward MacDowell na mkewe Marian, mpiga piano, walianzisha makazi ya wasanii kwenye shamba lao huko Peterborough, New Hampshire. Msanii hupewa kibanda chake peke yake katikati ya miti. Saa ya chakula cha mchana ikifika, mtu wa jikoni huleta kikapu, akakiweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi. Mwandishi akijisikia njaa atafungua mlango. Asipojisikia, ataendelea na sentensi yake. Kwa mama mwenye watoto wadogo Temeke au Kisauni, kikapu hicho ni karibu na ndoto, na si jambo la kubezwa. Makazi mengine ya namna hiyo, Yaddo, yaliyoko Saratoga Springs, yalianza kupokea wasanii mwaka 1926, nayo yana saa maalumu za mchana ambazo hakuna ruhusa ya kumpigia mwenzako kelele wala kumtembelea.

Wanaoyasifu makazi hayo mara nyingi hukomea kwenye ukimya wa mchana. Jioni haitajwi sana, nayo ina kazi kubwa. Jua likitua, wakazi hukaa meza moja, wakala pamoja, na baada ya chakula mara nyingi mmoja wao huwasomea wenzake alichokiandika au huwaonyesha alichokichora. Anayesoma husikia mwenyewe pale ambapo wasikilizaji wameanza kujigeuzageuza vitini. Kurasa alizozipenda mchana zinaweza kuanguka usiku huo huo, na kesho yake arudi kibandani akijua pa kuanzia.

Afrika Mashariki imeuona mpango huu kwa karibu. Tuzo ya Caine, inayotolewa kwa hadithi fupi za Kiafrika tangu mwaka 2000, ilianza mwaka 2003 kuendesha kambi ya kila mwaka. Waandishi takriban kumi na wawili hukusanywa mahali pamoja barani Afrika kwa siku zisizofika wiki mbili. Kila mmoja hutakiwa aandike hadithi mpya palepale, akisaidiwa na waandishi wazoefu, na hadithi hizo huchapishwa katika mkusanyiko. Mwaka 2017 kambi hiyo ilifanyika Tanzania, na mkusanyiko wa mwaka huo ukaitwa The Goddess of Mtwara, kwa jina la hadithi ya Mtanzania Lydia Kasese.

Kampala nako kuna mfano ambao unastahili kutazamwa zaidi ya hiyo kambi ya Caine, kwa sababu hauhitaji tiketi ya ndege. Chama cha waandishi wanawake wa Uganda, FEMRITE, kilichoanzishwa katika miaka ya 1990 na Mary Karooro Okurut akiwa miongoni mwa waasisi, kimekuwa na klabu ya wasomaji na waandishi inayokutana Jumatatu jioni. Mtu huja na hadithi yake, ikasomwa, ikajadiliwa. Wiki inayofuata huja mwingine. Katika mazingira hayo walikulia wanawake ambao baadaye vitabu vyao vilivuka mipaka, miongoni mwao Goretti Kyomuhendo, Beatrice Lamwaka na Monica Arac de Nyeko, aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. FEMRITE pia imeandaa kambi za waandishi wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika, lakini siri ya chama hicho iko kwenye zile Jumatatu. Kambi ni ya siku chache, na Jumatatu hurudi mwaka mzima.

Hapa ndipo panapouma. Kambi hizi na warsha hizi, kwa sehemu kubwa, huendeshwa kwa Kiingereza.

Jambo hilo lina historia. Juni 1962, Chuo cha Makerere kilipokea mkutano wa waandishi wa Kiafrika ambao sasa hutajwa kila palipo na mazungumzo ya fasihi ya bara hili. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele na wengine. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Achebe mswada wake ausome. Mswada huo ukaja kuwa Weep Not, Child, riwaya iliyotoka mwaka 1964. Mkutano mmoja ulimpatia kijana msomaji wa kwanza mwenye uzito, na maisha yake yakachukua njia nyingine. Lakini mkutano huo ulikuwa wa waandishi wanaotumia Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu vingi vya ushairi na nathari kuliko wengi wa walioalikwa, hakutimiza kigezo cha kuitwa, na mwezi huohuo wa Juni 1962 alifariki dunia. Ngũgĩ mwenyewe aliulalamikia ubaguzi huo miaka mingi baadaye, alipokwisha kugeukia kuandika kwa Kikikuyu.

Je, Kiswahili kilikuwa hakina malezi yake? Kilikuwa nayo, tena imara. Upande wa ushairi, mafunzo yalipita nyumbani na barazani. Ahmed Sheikh Nabhany, bingwa wa lugha na utunzi aliyezaliwa Lamu mwaka 1927, alilelewa na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi, na kutoka kwake akapata tungo na kanuni zake. Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa katika ukoo wa washairi. Ndugu yake Ahmad Nassir Juma Bhalo alikwisha kuwa na diwani iliyochapishwa mwaka 1966, Abdilatif akiwa kijana wa miaka 20. Kijana wa namna hiyo hakuhitaji kutafuta mtu wa kumsomea. Tatizo lake lilikuwa kwamba hawezi kukosea bila kusikiwa.

Na asiyezaliwa katika nyumba ya washairi alikuwa na magazeti. Mambo Leo, lililoanza kutolewa na idara ya elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi, na mashairi yale yalijibiwa. Mtunzi wa Tabora alitupa fumbo, mtunzi wa Tanga akalifumbua toleo la mbele, wa tatu akawaambia wote wawili kuwa vina vyao vimechechemea. Malumbano hayo yalikuwa shule. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichowapa maelfu ya watu wa kawaida kipimo cha kupimia kazi zao na za wenzao. Mathias Mnyampala naye, pamoja na wenzake, wakaunda UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi.

Ili kuona malezi hayo yanavyofanya kazi, fikiria mwanafunzi anayeleta mshororo huu: Nilikwenda baharini, nikaona mawimbi. Mwalimu wake hasemi kwamba ni mzuri au ni mbaya. Anahesabu kwa vidole. Kipande cha kwanza kina mizani nane; cha pili kina saba. Mwanafunzi anarudi kesho na dawa rahisi: nikayaona mawimbi. Mizani imetimia, naye anangoja kusifiwa. Hapo ndipo mwalimu mzuri huanza kazi yake. Atamuuliza mawimbi hayo yanafanya nini katika ubeti, kwa kuwa kila aendaye baharini huyaona. Kama aliyekwenda ni mjane wa mvuvi, ataona kitu kingine, labda mashua iliyofungwa gatini muda mrefu, na mshororo mzima itabidi ufumuliwe. Kanuni ilimleta mwanafunzi mezani, na baada ya hapo akafundishwa kuona.

Nathari ya Kiswahili haikuwahi kuwa na baraza lenye nguvu kiasi hicho, lakini ilikuwa na chumba cha habari. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alikuwa kwanza mkaguzi katika idara ya afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akafanya kazi katika magazeti mengine, na kuanzia 1958 akahariri jarida la kilimo, Mkulima, hadi alipostaafu mwaka 1968. Katika miaka hiyo ya kuhariri ndipo alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, kisa cha kwanza cha mpelelezi Bwana Msa, kilichoshinda shindano la hadithi lililoandaliwa na East African Literature Bureau mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Mtu anaweza kushangaa jarida la kilimo lina uhusiano gani na upelelezi. Mhariri wa jarida kama hilo hushinda akifupisha maelezo marefu, akipanga jambo lipi litangulie na lipi lifuate, akimfikiria mkulima atakayesoma bila mtu wa kumfafanulia. Riwaya ya upelelezi huanguka au husimama kwa ufundi huohuo wa kupanga habari.

Kusoma nako kuna sura zake, na hapa inafaa kusimama kwa Euphrase Kezilahabi. Mtoto huyu wa Namagondo, Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1944, alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Rosa Mistika mwaka 1971. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wanajadi wakapandwa na hasira. Wengi wa wanaomwiga leo husahau kwamba aliyeziacha kanuni zile alizijua vizuri, na kwamba kazi yake ya uzamili ilimhusu Shaaban Robert. Alimsoma mtangulizi wake kwa jicho la mtafiti. Baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Wisconsin kwa shahada ya uzamivu, na baada ya masomo hayo ndipo zilipokuja Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi ambazo hazifanani na chochote kilichozitangulia katika Kiswahili. Mtu anaweza kuzipenda au kuzikataa. Hawezi kusema ziliandikwa na mtu asiyejua anachokiacha.

Kuna njia nyingine ya kusoma ambayo waandishi wetu vijana wameisahau: kutafsiri. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa rais wa nchi changa yenye kila aina ya shida, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Anayetafsiri hawezi kuruka sentensi asiyoielewa. Hulazimika kupima kila neno la mtunzi na kulitafutia mwenzake. Kijana anayetafsiri hadithi moja ya kurasa kumi kwa uaminifu atajifunza juu ya muundo wa hadithi mambo mengi kuliko atakayoyapata kwenye semina ya siku mbili yenye vitafunwa na vyeti.

Vipi kuhusu upweke? Mfano wa Abdilatif Abdalla hutajwa mara kwa mara, na mara nyingi vibaya. Alihukumiwa kifungo mwaka 1969 kwa ajili ya kijikaratasi cha kisiasa, Kenya: Twendapi?, akakaa gerezani hadi 1972, muda mwingi akiwa ametengwa na wafungwa wengine. Humo alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Diwani ilitoka mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Wapo wanaousimulia mkasa huu kana kwamba jela ilimfaa mshairi. Jela haimfai mtu. Jela haikumfundisha Abdilatif kutunga. Aliingia na utunzi wake kichwani, na ndiyo maana hata kuta nne hazikuweza kumnyamazisha. Alikwisha kusikia tungo tangu utotoni, amezihifadhi, amezijibu. Mtu asiye na akiba hiyo akifungiwa ndani ya chumba, hata kiwe cha hoteli yenye bwawa la kuogelea, atakutana na ukurasa mtupu tu.

Mazoezi, basi, yafanyike vipi kwa mtu wa leo, mwenye kazi, watoto, foleni ya barabarani na simu isiyolala? Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, mmoja wa washairi wanaosikilizwa sana mwambao wa Kenya, amekuwa imamu na amefanya biashara ya kuoka mikate. Shughuli hizo hazikumzuia kutunga, na tungo zake zilienea kwa kanda za kaseti kabla ya kuingia vitabuni. Alikuwa na wasikilizaji waliokuwa wakingoja, na anayengojewa huamka.

Chukua kikundi cha watu wanne wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao. Dada mmoja anasoma: "Mama Zuhura alihuzunika sana baada ya mwanawe kusafiri." Mwenzake anauliza huzuni hiyo ilionekanaje. Wiki ya pili dada anarudi na sentensi nyingine: "Kwa wiki nzima Mama Zuhura aliendelea kupima mchele wa watu watatu." Kikundi kinakaa kimya kidogo. Halafu kaka mmoja, ambaye hupika kila siku kwa sababu anaishi peke yake, anauliza mchele ulikuwa ukipimwa kwa kitu gani. Toleo la tatu linakuja na kikombe cha bati chenye mpini uliovunjika, na mkono unaochota vikombe vitatu, ukasita, ukarudisha kimoja kwenye gunia. Neno "huzuni" limeondoka na hakuna anayelitafuta. Dada yule angeweza kukaa mwezi mzima peke yake kwenye kibanda cha makuti asiulizwe kuhusu kikombe.

Mtindo huu unaweza kuwa wa taifa zima, na umewahi kujaribiwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, uliwaweka pamoja waandishi, wachoraji, wahariri na wachapishaji, ukawapa mafunzo, kisha ukanunua sehemu ya nakala za vitabu vilivyofaa na kuzipeleka mashuleni. Mwandishi alijua kuna mhariri atakayemsoma, na mchapishaji alijua kuna mnunuzi. Wengi wa waliokuwa watoto wakati huo walisoma Kiswahili kilichopitia mikono hiyo.

Sasa tunazo tuzo, na ni jambo la kushukuru. Tuzo ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika ilianzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ikaja kuitwa Safal-Cornell, na imewafikisha kwa wasomaji waandishi kama Mohammed Ghassani, Dotto Rangimoto na Zainab Alwi Baharoon. Tanzania nayo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Lakini tuzo humfikia mwandishi kazi ikiwa imekwisha. Kwa kila anayepanda jukwaani kuna wengi ambao miswada yao ilikaribia, ikakosa jicho la pili, ikarudi kabatini bila mwenyewe kujua ilipungukiwa nini.

Kwa hiyo mhadhara huu una maombi. Waandaaji wa tuzo watenge sehemu ya fedha zao kwa kambi ya Kiswahili ya siku kumi, ambapo wale waliofika orodha ya mwisho na wasishinde watakaa na wahariri na kuifumua miswada yao ukurasa kwa ukurasa. Waamuzi wamwandikie kila mmoja wa hao japo ukurasa mmoja wa maoni. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar, Nairobi na Mombasa vina mabweni yanayobaki na vitanda vitupu wakati wa likizo ndefu. Vifunguliwe kwa waandishi kwa gharama ya chakula tu. Wahariri wa magazeti warudishe ukurasa wa mashairi na wakubali mabishano yake. Na wewe mwenye mswada ndani ya droo, utoe, tafuta watu wawili wanaosoma kwa makini na wasiokuogopa, mkutane Jumamosi hii, uwasomee kurasa tano kwa sauti.